Uchambuzi wa kisa: simu ya tano ya Jumatano ile

Vijana kadhaa wanaoanza kazi ya redio hapa Arusha wameniomba niwaelezee vizuri kile kisa cha mzee wetu kukata simu ya msikilizaji hewani, maana kila mtu anakisimulia kivyake, wapo wanaosema alishtuka tu, wapo wanaosema alitumwa, na mimi nilikuwepo, mkono wangu ndio ulioshusha sauti ya ile simu. Jina la mzee sitaji, mwenyewe hapendi, na stesheni nayo naiacha. Itoshe kujua ni mtu aliyeingia redio ya taifa mwishoni mwa miaka ya 70, vita ya Kagera bado mbichi, akafanya kazi huko mpaka alipostaafu na miaka yake 60, halafu stesheni yetu ndogo ikamwomba aendeshe kipindi cha jioni mara moja kwa wiki. Akakubali. Sisi wote pale tunamwita mzee na anatuita wanangu, hata bosi.

Jumatano hiyo mada ilikuwa maji na malisho. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vijiji vya huku tambarare chini ya Mlima Meru mfereji umebaki tope, wenye mashamba wanakesha kulinda mahindi na wenye ng'ombe wanatembea toka alfajiri kutafuta pa kunyweshea. Siku mbili kabla kulikuwa na ugomvi, shamba limeliwa na ng'ombe mmoja amekatwa panga, sisi mjini tulikuwa tumelisikia juu juu tu. Dada anayepokeaga simu alikuwa msibani Machame, kwa hiyo simu mimi na mitambo mimi.

Hapa kuna kosa la kwanza na ni langu. Mzee ana utaratibu wake, kabla mtu hajaingia hewani unamuuliza jina, yuko wapi, anataka kuongelea nini, ukikosa kimoja humuingizi hata kama ni shemeji yako. Sasa huyu wa tano mtandao ulikuwa unamsumbua, kapiga mara tatu anapotea, aliporudi mara ya nne nikaona nisimpoteze tena nikamrusha moja kwa moja bila kumuuliza chochote. Mzee akamkaribisha kama anavyokaribisha kila mtu, "Karibu ndugu yangu, tuambie jina na unapiga kutoka wapi." Yule bwana hakujibu. Alianza kwa sauti ya mtu aliyetoka kukimbia, akataja ng'ombe wake, akataja polisi, halafu akawaita watu wa upande wa pili kwa jina la mdudu. Wote, mtoto kwa mkubwa, mdudu. Akaunganisha hapo hapo, dawa yao inajulikana, kesho alfajiri wote tukutane pale… na kiganja cha mzee kikashuka mezani.

Ndio ishara yetu hiyo. Haongei na hanitazami, analaza kiganja juu ya meza kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe na feni. Nikashusha. Jina la mahali halikutoka.

Niwaeleze wasiojua mitambo, stesheni zenye uwezo zina kifaa cha kuchelewesha matangazo, sauti inakaa humo sekunde chache kabla haijamfikia msikilizaji, mtu akitukana unafuta na hakuna anayejua. Sisi hatuna. Kwetu neno likitoka mdomoni limeshafika Ngaramtoni na Usa River kwa wakati mmoja, kwa hiyo kinga yote iko kwenye mkono wa mtu na masikio ya mtu.

Alichofanya baada ya pale ndicho watu wengi hawakukisikia, au walikisikia wakakisahau. Hakuweka muziki. Alivuta pumzi, nikaisikia kwenye hedifoni, akasema taratibu kwamba simu imekatwa na yeye, mtandao haujakatika, ameikata kwa sababu mwenzetu alikuwa anaelekea kuita watu mahali. Akasema habari ya ng'ombe aliyekatwa ni habari kubwa na anaitaka, kipindi kikiisha atampigia mwenyewe. Halafu akasema tunaendelea, na simu ya sita ikaingia, mama mmoja aliyekuwa analalamikia zamu za maji, na mzee akamsikiliza kama vile hakuna kilichotokea, ila kiganja chake kilikuwa bado kiko mezani na mimi sikujua kama nishushe au niache, ikabidi nimuonyeshe kwa macho, ndio akakiondoa.

Meseji zilianza kabla ya habari za saa 12. Kwanini mnakata wananchi. Mmenunuliwa. Nyie mnapokea bahasha za wenye mashamba, na nyingine kumi zinasema mnapokea bahasha za wenye ng'ombe. Bosi akaingia studio anawaza TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji, na Kamati yake ya Maudhui, na hapo hapo anaona namba za wasikilizaji zinavyopanda, akapata wazo kwamba kile kipande tukikate vizuri tukiweke mtandaoni watu wajadili. Mzee akamwambia hapana bosi, kile kipande kisitoke hapa. Bosi akasema mzee, kila mtu ameshasikia. Mzee akajibu, waliosikia wamesikia na maelezo yangu, ukikikata wewe maelezo hayatakwenda nayo.

Na kweli. Kabla ya saa 2 usiku kulikuwa na klipu kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu ameirekodi kwa simu pembeni ya redio, unasikia mpaka jogoo nyuma. Inaanzia kwenye lile neno la mdudu na kuishia kwenye ukimya. Maneno ya mzee hayamo.

Sasa nisimame hapa niongelee huyu mtu ametoka wapi, kwa sababu wanaosema alishtuka hawajui kazi aliyoifanya.

Alifundishwa kazi wakati redio bara ni moja, ile ya Dar es Salaam, Zanzibar wana ya kwao, na huku kwetu watu wanasikiliza kwenye redio za Philips zilizokuwa zinaunganishwa hapa hapa Arusha. Anasimulia siku ya tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari Dakawa na Mwalimu mwenyewe akalitangazia taifa. Yeye alitumwa Monduli, nyumbani kwa marehemu, akachukue sauti za wananchi. Alifika na mashine ya kurekodia begani, akakuta kilio, akakaa chini na watu mpaka giza, akarudi na tepu tupu. Alikemewa sana. Sauti alizileta siku ya pili, baada ya watu kumwita wenyewe. Ni kisa kidogo ila ukimjua huyu mzee utaona kila kitu chake kimo humo.

Sheria ya 1993 iliporuhusu redio binafsi na Radio One ikaanza 1994, wenzake wengi walihama, mshahara ulikuwa unavuta. Yeye akabaki. Na ndipo Umoja wa Mataifa ukaileta Arusha ile mahakama ya kuwahukumu wahusika wa mauaji ya Rwanda ya 1994, iliyoundwa na azimio la Baraza la Usalama la Novemba 1994, ikapangishwa kwenye jengo la mikutano la AICC, jengo ambalo lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika 1977. Kwenye mji huu huu, tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walikuwa wametia saini mkataba wa amani, na mwezi mmoja tu kabla ya saini ile, Kigali kulikuwa kumefunguliwa redio mpya inaitwa RTLM, ambayo ikautukana ule mkataba mpaka ulipokufa.

Mzee ndiye aliyekuwa anaripoti mahakama kwa Kiswahili. Anasema unakaa nyuma ya kioo, unavaa hedifoni, unachagua Kinyarwanda au Kifaransa au Kiingereza, Kiswahili hakimo, mahakama iko Arusha na mama anayeuza ndizi pale nje hana lugha yake ndani. Kwa hiyo kazi ya kutafuta maneno ilikuwa ya waandishi. Anakumbuka walivyobishana kuhusu jina la kosa lenyewe, wapo waliosema mauaji ya halaiki, yeye alisimamia mauaji ya kimbari kwa sababu mbari ni ukoo, na watu wa Rwanda hawakuuawa kwa sababu walikuwa wengi mahali pamoja, waliuawa kwa sababu ya walivyozaliwa. Kwenye ripoti zake za mwanzo alikuwa analisema neno halafu analieleza, kila siku, mpaka wasikilizaji wakalizoea. Neno lingine lililomsumbua ni inyenzi. Maana yake ni mende. Alijiuliza aliseme kwa Kinyarwanda lipite bila mtu kuelewa, au aseme mende, na akaamua kusema mende, kwa sababu msikilizaji wa Kijenge au wa Moshi lazima aelewe kwamba binadamu aliitwa hivyo kwenye redio, asubuhi na jioni.

Kesi ya wanahabari ilianza Oktoba 2000. Washtakiwa watatu, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Siku 241 za kusikilizwa, mashahidi 93. Kabla yao kuna mtangazaji Mbelgiji, Georges Ruggiu, aliyekiri mwenyewe na kufungwa miaka 12 Juni 2000, mtangazaji kabisa, mtu wa maiki kama sisi.

Mahakamani zilipigwa kanda za RTLM. Hapa mzee akisimulia anapunguza sauti. Anasema alitegemea kusikia mtu anafoka, akasikia mtangazaji mzuri. Anacheka, anaweka muziki mtamu, anataniana na wenzake, anajua kuvuta sauti mwisho wa sentensi msikilizaji asiondoke. Redio ya serikali ya Rwanda ilikuwa ngumu kama barua ya ofisi, hii ilikuwa kama rafiki yako sebuleni, na ndani ya utamu huo huo linatoka jina la mtu, namba ya gari lake, mahali alipojificha. Mzee aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nasikiliza na sikio la kazi, nikajikuta nampa maksi. Halafu tafsiri ikaingia kwenye sikio la pili." Jioni ile alirudi kwake Sakina kwa miguu, hakupanda daladala.

Hukumu ilisomwa tarehe 3 Desemba 2003. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Nahimana kwamba bila bunduki wala panga alisababisha vifo vya maelfu ya raia. Nahimana na Ngeze maisha, Barayagwiza miaka 35. Novemba 28 mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikapunguza, Nahimana 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35, na sababu mojawapo ndiyo mzee anaifundisha mpaka leo na ndiyo inayogusa simu yetu ya tano. Majaji wa rufaa walisema maneno ya chuki ni kitu kimoja na kuchochea watu moja kwa moja kufanya mauaji ni kitu kingine, na yale yaliyotangazwa na RTLM kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipotunguliwa na mauaji yakaanza, hawakuridhika kwamba imethibitika yamechangia mauaji yenyewe. Yaliyotangazwa baada ya hapo ndiyo yalimfunga Nahimana.

Rudi studio kwetu sasa. Yule bwana alisema vitu viwili. Alisema mdudu, halafu akasema kesho alfajiri tukutane. Kiganja kilishuka kwenye cha pili. Kwa sheria ya majaji wa rufaa, mdudu ni chuki na kesho alfajiri ni wito, mzee alikata kwenye wito. Mimi kwa upande wangu naona alikata mahali sahihi kabisa. Mtu akitukana hewani mtangazaji mzoefu anaweza kumjibu, anamrudisha kwenye hoja, anamwambia ndugu yangu hilo neno liondoe tuendelee, na wasikilizaji wote wanajifunza kitu. Wito haujibiwi hivyo, ukiacha umalizike umeshafanya kazi yake. Nimelishikilia hilo kwa muda mrefu na nimelisema mbele za watu.

Lakini kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka, na aliyeniambia ni mzee mwenyewe. Wale wanaotuma meseji mmenunuliwa hawajaamka tu wakaota. Mkono wa mtangazaji wa redio ya umma kwenye nchi hii umewahi kukata mengi. Miaka ya mwanzo ya 80, sukari hakuna, sabuni hakuna, watu wamepanga foleni kwenye duka la kaya, barua za wasikilizaji zinakuja za kulalamika, na yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa wanaziweka pembeni. Hakuna aliyemtishia, alijua tu zipi zinasomeka na zipi hazisomeki. Anasema alikuwa anaziweka kwenye droo ya chini na siku moja droo ikagoma kufunga. Akiulizwa leo hatafuti kisingizio, anasema nilikata watu waliokuwa wanasema kweli na sikuwaambia kwamba nimewakata.

Ndio maana mimi naona jambo kubwa la Jumatano ile liko baada ya kiganja. Mkono unaokata kwa hofu ya bosi na mkono unaokata kuzuia damu ukiutazama kwa nje ni mkono ule ule, msikilizaji nyumbani atautofautisha vipi? Mzee alimpa njia ya kuutofautisha, akasema ni mimi nimekata, akasema kwa sababu gani, akasema mtu huyu namrudia. Stesheni zetu nyingi simu ikikatwa utasikia "mtandao unasumbua", uongo mdogo mdogo kila siku, halafu tunashangaa watu hawatuamini siku ya jambo zito. Naomba wadogo zangu mlishike hili hata kama mengine yote mtayasahau.

Na msidhani habari za redio na damu ziliishia Rwanda. Hapo ng'ambo ya Namanga tu, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa The Hague pamoja na William Ruto kwa mambo ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kesi ikafutwa tarehe 5 Aprili 2016 kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mzee aliifuatilia yote. Alichokuwa anasikiliza ni jinsi mawakili walivyokaa siku nyingi wakibishania maana ya maneno ya kipindi cha asubuhi, mithali hii ina maana gani, utani ule ulimlenga nani.

Usiku wa Jumatano tulibishana pia, na ubishi huo haujaisha. Mimi nilitaka twende polisi moja kwa moja na namba ya simu ya yule bwana, nilikuwa nayo kwenye skrini. Mzee akakataa kutoa namba. Alipiga kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akapiga kwa wazee wa mila wa pande zote mbili, mmoja alimtafuta mpaka saa 4 usiku kwa sababu simu yake haikuwa na chaji, halafu ndio akampigia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akamweleza kuna wito, alfajiri, maeneo fulani, bila jina na bila namba. Alisema mtu amepiga redio akiwa na uchungu, ukimkabidhi leo hakuna atakayepiga tena, watahamia kwenye magrupu ambako hakuna kiganja. Mimi naona kama damu ingemwagika ile namba ingetulaumu maisha yetu yote. Yeye anajua ninavyofikiri, mimi najua anavyofikiri, tunakunywa chai pamoja.

Alfajiri walikuja watu kama ishirini hivi na fimbo. Wazee walikuwa wamelala pale pale kwenye birika la maji, wamewasha moto, na polisi walikuwa barabarani kwa mbali. Wameongea mpaka jua limetoka, wakatawanyika. Sitasema redio iliokoa mtu, wazee ndio walikesha na baridi ile, na inawezekana wasingekesha kama mzee asingepiga, na inawezekana pia wale ishirini wasingekuja kabisa kama mimi ningeuliza jina na hoja kabla ya kumrusha mtu hewani. Hilo naishi nalo.

Mzee alimpigia yule bwana usiku ule hapokei, kesho yake hapokei, Ijumaa mchana bwana mwenyewe akatokea getini kwetu, amevaa shuka na koti la baridi, mlinzi anamzuia. Mzee akashuka ngazi kumchukua. "Shikamoo mzee." "Marahaba, pole na mifugo." Hakumuuliza habari ya simu. Akampa kiti, akaagiza chai, akawasha kinasa sauti, na waliongea dakika 40. Nilikuwa nyuma ya kioo nasikia. Ng'ombe alikatwa saa ngapi, nani alikuwepo, ulimwambia nani, akasema nini. Bwana akatoa simu kuonyesha picha, mguu wa nyuma wa kushoto, kidonda kirefu kimepakwa majivu. Kila akisema "wale" mzee anamrudisha polepole, wale kina nani. Halafu akamuuliza mahindi ya kula nyumbani unanunua kwa nani? Bwana akanyamaza kidogo, akataja jina la mtu wa upande ule, jina kamili, akasema ni jirani, watoto wao wanasoma pamoja. Toka hapo mpaka mwisho lile neno la mdudu halikurudi, na mzee hakuwa amemkataza.

Tulirusha dakika 6 Jumatano iliyofuata, na dakika nyingine 6 za mwenye shamba aliyeliwa mahindi. Hakukuwa na muziki wa kusikitisha chini yake, nilipendekeza nikakataliwa. Meseji zilikuja chache kuliko wiki ile ya kwanza. Bosi hakufurahi sana.

Kilichobadilika kwetu ni kwamba kuna kaunta buku kwenye meza ya simu yenye safu tatu, jina, mahali, hoja, na asiyejaza haingizi mtu, hata akiwa peke yake na mitambo. Na kuna mtu wa pili kila Jumatano, bosi alikubali kumlipa. Kile kifaa cha kuchelewesha bado hatujanunua.

Wiki kadhaa baadaye mzee aliniomba nimletee daftari lake toka kwenye mkoba, alitaka kuona mada zinazofuata, likafunguka kwenye ukurasa wa siku ile. Ana mwandiko mzuri wa watu wa zamani, umelala kidogo. Ameandika: "Simu ya 5. Nimekata 11:47. Nimechelewa sekunde 4."

Nilirudi kwenye rekodi ya kipindi nikapima. Toka lile neno la mdudu mpaka sauti inaposhuka ni sekunde 4. Nilimwendea nikamwambia mzee, hukuchelewa, ulikata kwenye wito, hata majaji wa rufaa wametenganisha. Akasema, "Majaji walikuwa na miaka minne ya kufikiri, mwanangu, na watu walikuwa wameshakufa." Kisha akaomba daftari lake.

Chini ya mstari ule alikuwa ameandika jina la yule bwana na maneno, "Ng'ombe 1, mguu wa nyuma kushoto. Kumuuliza tena baada ya mvua." Mvua zilipoanza akanikumbusha nipige. Nikampigia, nikamuuliza yuko wapi, akasema yuko shambani anapalilia, mahindi yake mwenyewe, kakodi nusu eka. Ng'ombe amepona ila anachechemea akishuka kwenye maji. Nikamwambia mzee, akachukua kalamu akaandika.